Mwalimu wa umeme atapitia mlango gani?

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Katika orodha ya masomo ya sekondari pevu mna umeme, ujenzi, useremala, usafiri wa anga, uvuvi, maigizo na filamu. Wazazi wa Nairobi wamekuwa wakiuliza ni shule gani iliyo karibu inayofundisha hili au lile. Nyuma ya swali lao kuna lingine gumu zaidi: atakayeyafundisha masomo hayo anatoka wapi, na nani anamtambua kuwa mwalimu?

Tumchukue mhandisi wa umeme, mkazi wa Kasarani, aliyesoma uhandisi miaka mitano, akafanya kandarasi za miezi mitatu mitatu hadi zikamchosha, na sasa anataka kufundisha. Ana shahada ya sayansi. Hana shahada ya elimu, ile B.Ed ya miaka minne ambayo ndiyo njia kuu ya kufika shule ya upili. Ataambiwa asome stashahada ya uzamili katika elimu, ambayo kila mtu huiita PGDE, kwa mwaka mmoja hivi, mara nyingi jioni au wakati wa likizo za shule. Akimaliza ataomba usajili kwa Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, maana Sheria ya TSC ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa. Hapo ataulizwa matokeo yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili: wastani wa C+, pamoja na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha.

Somo la kwanza ni umeme, ambalo shule aliyosoma huenda haikuwa nalo kabisa. La pili ni lipi? Shahada ya uhandisi haikupangwa kwa masomo mawili ya kufundisha. Pengine ataingizwa kwenye hisabati na fizikia, apewe namba ya usajili, kisha apangiwe kufundisha fizikia. Somo la umeme litabaki kwenye orodha.

Sharti hilo la KCSE lina mantiki yake kwa kijana wa miaka kumi na minane anayeomba kusomea B.Ed. Wakati huo hakuna ushahidi mwingine kumhusu ila gredi zake, na hakuna mzazi anayetaka mwalimu wa hisabati aliyepata D katika hisabati. Ila likiletwa mbele ya mtu ambaye chuo kikuu kimempima kwa miaka mitano katika hesabu za saketi na mitambo, linageuka kuwa kichekesho. Tunamkagua mtu mzima kwa mtihani alioufanya akiwa na sare ya shule, huku nakala ya alama zake za chuo ikilala kwenye faili hiyo hiyo.

Tuseme amepita. Baada ya miaka kadhaa atataka kupanda. Ataambiwa asome uzamili, M.Ed, kwa miaka miwili au zaidi. Ni maombi mapya, karo mpya, tasnifu mpya. Kati ya PGDE aliyoisoma na M.Ed anayoianza mara nyingi hakuna daraja: falsafa ya elimu ataisoma tena, saikolojia ya elimu ataisoma tena, mbinu za utafiti atazianza mwanzo. Akihesabu, ametumia miaka mitatu na karo mbili kupata vyeti viwili ambavyo kimoja hakijui kwamba kingine kipo.

Hoja yangu ni kwamba kwa watu wa aina hii Nairobi inahitaji kozi moja: uzamili wa ualimu ambao ndani yake mna usajili, kiini chake kikiwa mwaka mzima darasani. Na naisema nikijua vizuri jinsi wazo hilo linavyoweza kuharibika, kwa sababu kwingine limeshaharibika.

Marekani ndiko lilikoanzia kwa jina linalojulikana leo. Mwaka 1936 James Conant, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianzisha shahada ya uzamili ya ualimu, MAT, akitaka idara za masomo na kitivo cha elimu, ambavyo havikuwa vikielewana, vimlee mwanafunzi mmoja kwa pamoja. Mtaalamu wa historia angemkagua kwenye historia na mtaalamu wa ufundishaji angemkagua darasani. Baadaye pesa za wakfu wa Ford Foundation zilisaidia kulieneza wazo hilo katika vyuo vingine. Lilikuwa wazo zuri, na bado ni zuri.

Kilichofuata ni mambo ya mishahara. Katika wilaya nyingi za shule za Marekani mwalimu hulipwa kulingana na miaka aliyofanya kazi na vyeti alivyo navyo. New York kwa mfano humpa mwalimu mpya cheti cha awali, na ili apate cha ngazi inayofuata lazima awe na uzamili. Ukishaweka kanuni kama hiyo, vyuo vitakuja na uzamili wa kila aina, wa mchana, wa usiku, wa wikendi, na walimu watausoma ule ulio rahisi na wa bei nafuu. Watafiti walipopima matokeo ya wanafunzi, kwa jumla hawakuona tofauti ya maana kati ya walimu wenye uzamili na wasio nao. Hisabati imeonekana kuwa na tofauti kidogo pale mwalimu wa hisabati anapokuwa na uzamili wa hisabati yenyewe. Mwaka 2013 jimbo la North Carolina likaamua kuacha kuwalipa walimu wapya nyongeza ya uzamili. Walimu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, lakini jimbo nalo lilikuwa na takwimu mkononi.

Ufini ilienda njia nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mwalimu wa shule ya msingi au ya sekondari huko husoma hadi uzamili, na hakuna ofisi nyingine ya kumpa leseni baadaye: shahada yenyewe ndiyo ruhusa. Watu wengi huishia hapo wanapoisifu Ufini. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba vyuo vikuu vyao vina shule zao za mazoezi, zenye wanafunzi halisi na walimu ambao sehemu ya kazi yao ni kumlea mwanagenzi. Uingereza iko katikati. PGCE, cheti cha uzamili cha ualimu cha mwaka mmoja, hubeba sehemu ya alama za uzamili, kwa kawaida thuluthi, na mwanafunzi hutakiwa kukaa shuleni siku 120. Hadhi ya mwalimu aliyehitimu, QTS, hutolewa kando.

Hilo la "kando" limewagharimu watu hapa Nairobi. Shule nyingi za kimataifa za Karen, Runda na Gigiri hufuata mtaala wa Uingereza na hupenda kuona PGCE kwenye wasifu wa mwombaji. Basi walimu wetu hulipia PGCE ya kimataifa kwa mtandao, kwa pauni, wakidhani wamenunua na leseni. PGCE hiyo ya kimataifa peke yake haileti QTS. Na mwaka 2023 Uingereza ilipofungua mlango wa QTS kwa walimu wa nchi tisa zaidi, Ghana, Nigeria, Zimbabwe na Afrika Kusini zilikuwamo, Kenya haikuwamo. Kwa hiyo hata huko kwa wakubwa, cheti cha masomo na ruhusa ya kufundisha ni vitu viwili, na ukivichanganya ni wewe unayepoteza pesa.

Turudi nyumbani, maana sisi pia tuna historia yetu na mara nyingi tunaisahau. Shule za upili za Kenya zilipokuwa na upungufu mkubwa wa walimu wakati wa uhuru, zilijazwa na watu waliosoma kwanza shahada ya kawaida kisha diploma ya elimu. Kuanzia mwaka 1961 mpango wa Teachers for East Africa, uliosimamiwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, ulileta Wamarekani waliofundisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadhi yao walipitia Makerere kupata diploma hiyo. Mwaka 1965 kambi ya jeshi la Uingereza pale Kahawa ikakabidhiwa serikali, ikawa chuo cha walimu, kisha mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Kenyatta. Shahada ya elimu ikashika mizizi ikawa njia ya wengi. PGDE haikufa, ila ilibaki ya watu waliochelewa: waliosoma kitu kingine, wakakosa kazi, wakakumbuka ualimu.

Hata TSC ilijaribu kuirudisha mbele. Mwaka 2021 ilipendekeza B.Ed ifutwe. Anayetaka ualimu wa upili angesoma shahada ya sanaa au sayansi miaka mitatu, halafu PGDE mwaka mmoja. Wahadhiri wa vitivo vya elimu walipinga vikali. Walisema ualimu haufunzwi kwa mwaka mmoja, na kwamba kufuta B.Ed ni kufuta idara zao. Sababu ya pili waliisema kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyowauma zaidi. TSC nayo ilisema walimu hawajui masomo yao vya kutosha. Kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli. Hakuna aliyezungumzia mwaka huo mmoja ungekuwa wa nini, na mwanafunzi angekaa katika shule ya nani.

Mazoezi ya kufundisha yalivyo sasa huchukua muhula mmoja. Mwanafunzi huitafuta shule mwenyewe, mara nyingi ile iliyo karibu na kwao au ambako mjomba anamjua mwalimu mkuu. Akifika hukabidhiwa madarasa ambayo mwenyewe hakuyataka, na mwalimu wa somo hupata nafasi ya kupumua. Azimio la kazi ataandika, andalio la somo ataandika, tena kwa mwandiko safi kuliko atakavyoandika maishani mwake tena. Siku moja mhadhiri atakuja, atakaa nyuma na fomu, ataandika kwamba matumizi ya ubao ni mazuri na kwamba wanafunzi washirikishwe zaidi, kisha ataondoka kuwahi shule nyingine upande wa pili wa jiji kabla ya saa sita. Atarudi mara moja au mbili. Anayemwona mwanafunzi kila siku ni yule mwalimu wa somo, na huyo maoni yake hayabebi uzito mkubwa katika alama, wala halipwi kwa kumlea.

Ndiyo maana sikubali kwamba kuunganisha vyeti peke yake kutasaidia. Chuo kikiamua kesho kuipachika PGDE juu ya M.Ed na kuiita kozi moja, tutapata muhula ule ule wa mazoezi, mhadhiri yule yule na fomu ile ile, kwa karo kubwa zaidi. Faida iko katika kitu kimoja: kumweka mtu katika shule moja kuanzia Januari hadi Novemba, chini ya mwalimu mlezi anayetambuliwa, na kufanya kazi hiyo iwe ndiyo masomo yenyewe ya uzamili.

Tasnifu nayo ingebadilika. Ingia maktaba yoyote ya chuo kikuu hapa mjini upekue tasnifu za M.Ed. Utakuta rafu nzima za mambo yanayoathiri matokeo ya KCSE katika kaunti ndogo fulani. Mwandishi amesambaza hojaji kwa walimu wakuu, amekusanya majibu, ameweka jedwali, na amegundua kwamba upungufu wa vitabu huathiri matokeo. Sitanii sana. Utafiti wa mwanafunzi wa uzamili wa ualimu ungekuwa juu ya darasa lake mwenyewe: kwa nini wanafunzi thelathini kati ya hamsini wanachanganya volti na ampea, alifanya nini kuhusu jambo hilo, na nini kilibadilika baada ya wiki nne. Ni kazi ndogo kwa kurasa, lakini mwalimu mwenzake wa Gredi ya 10 kule Embakasi angeisoma na kuitumia.

Kuna jambo lingine kuhusu M.Ed zetu ambalo halisemwi. Walimu wengi wanaorudi chuoni husomea usimamizi wa elimu. Siwalaumu. Ukitaka kuwa naibu au mwalimu mkuu, hilo ndilo somo linaloeleweka. Matokeo yake ni kwamba uzamili wa elimu nchini kwa kiasi kikubwa humtayarisha mwalimu kutoka darasani. Anayetaka kubaki darasani na kufundisha fizikia vizuri zaidi hana kozi inayomvuta, na hata akiipata, hailipi. Miongozo ya TSC ya kupanda vyeo ya mwaka 2018 haimpandishi mtu daraja kwa sababu tu ameleta cheti cha uzamili, na vyama vya walimu vimelilalamikia jambo hilo mara nyingi. Mwenye uzamili na mwenye shahada ya kwanza wakiajiriwa leo katika shule ya upili wanaanza katika gredi ile ile. Kwenye usaili wa ajira, jedwali la alama humpa uzito mkubwa aliyekaa muda mrefu bila kazi tangu kuhitimu.

Nikisema ukweli, sipingi TSC katika suala la kutolipia vyeti. North Carolina ilifika huko huko baada ya kutumia pesa nyingi. Lakini TSC haiwezi kusema kwamba haitambui uzamili, na wakati huo huo iseme inataka walimu wabobezi wa masomo mapya. Njia ya kati ipo: nyongeza au daraja lipewe uzamili wenye mwaka wa darasani uliopimwa, katika somo analofundisha, na usipewe ule wa usimamizi wala wa hojaji.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni idadi. TSC yenyewe imekuwa ikitaja walimu zaidi ya 300,000 waliosajiliwa ambao hawajaajiriwa. Wengi wao wamekanyaga lami hii ya Nairobi miaka mingi, wakifundisha kwa mikataba ya bodi za shule kwa malipo ya kutia aibu. Utamwambia nini mwalimu wa Kiswahili na dini aliyesubiri tangu mwaka 2015 ukifungua mlango mwingine wa walimu? Atakuuliza kama umerogwa.

Jibu langu ni kwamba mlango huu usifunguliwe kwa Kiswahili na dini. Wala kwa historia, wala kwa biashara. Ziada yetu imejaa katika michanganyiko michache ya masomo, na upungufu uko katika fizikia, hisabati na masomo ya ufundi. Kozi ya aina hii iwe na orodha fupi ya masomo, na TSC iipitie kila mwaka. Chuo kitakachoanza kuiuza kwa kila mwenye shahada na ada ya maombi kitakuwa kinatengeneza foleni mpya ya watu wenye uzamili bila kazi, na hao wana uchungu zaidi kwa sababu wamelipa zaidi. Najua jinsi vyuo vyetu vinavyodaiwa madeni. Vitaingia kwenye kishawishi hicho kabla wino haujakauka, kwa hiyo idadi ya nafasi ifungwe na TSC tangu mwanzo.

Na mwaka wa darasani ulipiwe. Hapa tusidanganyane: mhandisi mwenye mtoto na kodi ya nyumba hawezi kukaa shuleni miezi kumi bila shilingi. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi walilipwa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mwaka 2024 waligoma, wakiwa na hoja nzito. Aprili mwaka huo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba haikuwa halali kuwaajiri kama wanagenzi watu ambao tayari wamehitimu na kusajiliwa. Uamuzi huo, nikiusoma kwa upande wangu, unaonyesha mahali halali pa mwanagenzi. Aliyesajiliwa ni mwalimu kamili, alipwe kama mwalimu. Ambaye bado hajasajiliwa, yuko masomoni na ana mlezi, huyo ndiye mwanagenzi wa kweli, na posho ya mwanagenzi inamfaa. Tulilitumia neno hilo kwa watu wasiostahili, na wanaolistahili hatukuwapa kitu.

Mwalimu mlezi naye asiachwe. TSC ilipoanzisha mafunzo ya lazima ya walimu, ya moduli kwa moduli, mwaka 2021, kwa ada ya 6,000 kwa mwaka, walimu walilia kwamba wanatozwa ili wabaki na kazi waliyokwisha kuisomea. Kumlea mwanagenzi mwaka mzima, kukagua maandalio yake, kukaa katika vipindi vyake, kuzungumza naye baada ya kipindi kilichoharibika, ni mafunzo makubwa kuliko moduli yoyote. Mlezi ahesabiwe hilo mahali pa moduli, bila kutozwa.

Mvutano wa mamlaka nao upo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayoidhinisha programu za vyuo, TSC ndiyo inayosajili walimu, na chuo kiko katikati kikiandikia barua pande zote mbili. Kozi inayobeba shahada na usajili kwa pamoja haiwezi kuanza kama tume hizo mbili hazijakaa meza moja na kukubaliana mapema ni nini kitakachohesabiwa. Hasa sharti la KCSE: kwa waliohitimu shahada katika somo husika, alama za chuo zichukue nafasi yake. Hilo halihitaji jengo wala bajeti mpya.

Kwa kuanzia ningechagua masomo matatu, labda umeme, fizikia na hisabati, na shule chache za umma za Nairobi zilizo na karakana na maabara zinazofanya kazi. Gredi ya 10 ya kwanza itamaliza Gredi ya 12 mwishoni mwa mwaka 2028. Kozi ya miezi kumi na minane ikianza Januari 2027 itatoa walimu wake wa kwanza katikati ya mwaka huo wa 2028, wanafunzi hao wakiwa wamebakiwa na muhula mmoja na kidogo.